Nusu ya Mamba

Wakili Delphine Savoy alipokuja nyumbani kwa akina Guillory kueleza kwamba Lucien huenda akafungwa miaka ishirini kwa sababu ya mamba mmoja, Bi Vernice, mama yake Lucien, alikuwa anakata vitunguu, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuthibitisha kwamba alilia. Mwenyewe alisema ni vitunguu. Sisi watu wa Esperance, Louisiana, tunaheshimu kauli ya mama mwenye kisu mkononi, tukakubali ni vitunguu.

"Ishirini," alisema. "Mamba mwenyewe hakuwa na umri huo."

"Si mamba tu, Bi Vernice. Sheria inajumlisha makosa. La kwanza, Lucien akiwa kijana, alichukua trekta la mtu."

"Alikwenda nalo dansini. Akalirudisha limeoshwa."

"La pili ni ile bangi."

"Bangi kiduchu," alidakia Zelma, mke wa Lucien, akiwa bado na sare ya kazi ya udobi wa hospitali. "Na nyingi ilikuwa ya binamu yake anayeimba kwaya."

"La tatu ni mamba," Delphine aliendelea, kwa upole wa mtu anayebandua plasta. "Mtu akifika la tatu anaitwa mkosaji sugu, na kifungo kinakuwa cha lazima. Jaji haangalii sura, haangalii mke, haangalii trekta kuoshwa. Anasoma namba iliyoandikwa na Bunge, anagonga meza, tunakwenda nyumbani."

Mzee Octave, mumewe Bi Vernice, alikuwa kwenye kona na karata zake. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye boti za kuvuta matishari mtoni, akastaafu na masikio mabovu na desturi ya kusema neno moja kwa siku. Alilitumia hapo hapo.

"Wendawazimu," alisema, akagawa karata.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Kila Septemba wawindaji wa kwetu hufunga kamba kwenye miti iliyosimama majini, wakatundika ndoana na paja la kuku juu ya maji, wakaenda kulala. Mamba anaruka, anameza, anajuta. Na desturi ya kinamasi chetu, ya zamani kuliko barabara ya lami, ni kwamba ukifunga kamba yako kwenye mti wa mtu bila kumwomba, nusu ya kitakachonaswa ni ya mwenye mti. Royce Tatum, fundi wa injini za boti kutoka Port Ellis, ng'ambo ya daraja, katika jimbo la Mississippi, alikuwa amekodi kinamasi jirani. Akafunga kamba yake kwenye mti wa akina Guillory. Asubuhi Lucien akamkuta hapo mamba wa futi kumi na moja, naye alifanya nini? Alifanya alichofundishwa. Alimuua, akampasua katikati kuanzia pua hadi mkia kwa haki isiyo na upendeleo, akapakia nusu ya Tatum kwenye sanduku kubwa la barafu la mama yake, lile la buluu analobebea chakula cha kanisani, akaendesha gari kuvuka daraja, akaliacha mbele ya lango la Tatum.

Hapo ndipo alipojiponza. Ngozi ya mamba mzima ina bei. Ngozi ya mamba aliyepasuliwa katikati ni ya kufutia miguu. Tatum aliita askari. Mahakamani akaapa kwamba mti ulikuwa upande wake, na alipoulizwa kuhusu nusu iliyoletwa langoni, alifungua macho kama mtoto anayebatizwa, akajibu, "Nusu? Sikuona hata ukucha." Wazee wa baraza la mahakama, wengi wao wakazi wapya wa nyumba za uwanja wa gofu wasioijua desturi ya kinamasi zaidi ya wanavyolijua jua la usiku, wakamkuta Lucien na hatia.

"Hakuna kabisa njia?" aliuliza Zelma.

"Ipo moja, nyembamba," alisema Delphine. "Katiba ya jimbo inakataza adhabu iliyopita kiasi. Kwa hiyo jaji anaweza kushuka chini ya namba ya lazima, lakini lazima nimwonyeshe kwamba kwa mtu huyu, kwa tendo hili, miaka ishirini ni maumivu matupu yasiyomfaa mtu yeyote. Lazima aone kwamba Lucien si mwizi kama wezi wengine."

"Mwizi gani anapeleka nusu ya mali kwa mwenyewe, ikiwa kwenye barafu?"

"Ndiyo hoja yangu yote, Bi Vernice. Na ushahidi wangu wote ni neno la Lucien, dhidi ya Tatum aliyeshika Biblia."

Bi Vernice aliweka kisu chini. Wanaomjua huanza kuogopa anapoweka kisu chini.

"Na boti?"

Boti ya Lucien ilikuwa kwenye gereji ya Tatum, Port Ellis, kwa matengenezo ya injini, wiki ile ile ya mamba. Lucien alipokamatwa, Tatum aliichukua iwe yake, akasema ni fidia ya ngozi. Sasa anaivulia samaki. Amelifunika kwa rangi mpya jina la boti, ambalo lilikuwa *Zelma*.

"Nataka kumshtaki," alisema Bi Vernice. "Hapa, Esperance. Nataka akae kwenye kile kiti cha mshtakiwa chenye mguu mfupi, kile alichokalia mwanangu, naye ayumbe mbele ya watu."

"Hatuwezi. Yeye ni mtu wa Mississippi, gereji iko Mississippi, boti aliichukulia Mississippi. Katiba ya nchi hairuhusu mahakama ya huku kumburuta mtu wa jimbo lingine kwa jambo alilolifanya kwake. Mamlaka yake hayamfikii."

"Basi tukamshtaki kule kule," alisema Zelma.

"Kule? Kule kila anayevaa joho au beji amewahi kuchoma nyama kwa Tatum." Delphine aligonga gonga meza kwa kidole. "Ila kuna kitu. Mtu akikutwa huku kwa miguu yake mwenyewe, akakabidhiwa samansi mkononi akiwa amesimama kwenye udongo wa Louisiana, mahakama ya huku inamshika."

"Ijumaa anakuja! Anakuja kumwambia jaji alivyoumia."

"Anakuja kama shahidi. Shahidi anayetoka jimbo lingine sheria inamfunika kwa mwavuli, anapokuja, anapokuwa mahakamani na anaporudi kwake. Hagusiki. Akimaliza halafu akakawia kwa starehe zake, hapo mwavuli unakunjwa."

Bi Vernice alimkazia macho. Mbwa wao, aliyeitwa Gavana kwa kuwa alilala mwaka mzima na kuamka penye nyama choma tu, aliinua kichwa.

"Usinitazame hivyo, Bi Vernice," alisema wakili. "Ukimwita, ukimdanganya, ukimkonyeza hata jicho, jaji atasema amevutwa kwa hila na samansi itatupwa. Usiseme neno. Unanielewa? Neno lolote."

Ni lazima isemwe hapa, kwa heshima zote, kwamba Bi Vernice aliwahi kumzomea askofu.

"Mimi Ijumaa niko uwanja wa mahakama nauza chakula," alisema taratibu. "Kila Ijumaa, tangu Lucien hajaota meno. Hilo nalo ni hila?"

"Hapana. Hiyo ni kazi yako."

"Na ni Kwaresima. Nyama haramu, samaki ruhusa. Na mamba kwetu ni samaki."

"Unatoa wapi mamba mwezi wa tatu?"

Bi Vernice alifungua friji kubwa ya kugandishia. Ndani, chini ya mifuko ya bamia, ilikuwa imelala ile nusu ya pili. Askari waliipiga picha siku ya kumkamata Lucien, wakaiacha, kwa kuwa friji ya kituoni ilikuwa imejaa samaki wao.

Delphine alifunika uso kwa mikono. "Sikuona kitu," alisema, kisha akauliza, "Utaweka pilipili ipi?"

*

Ijumaa Royce Tatum alivuka daraja na pikapu yake mpya, akiwa amevaa tai yenye picha ya bata. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mnada. Mbele ya Jaji Aurelia Theriot alieleza kwamba tangu siku ile halali vizuri, akisikia maji yakichuruzika anaruka, na imani yake kwa binadamu wenzake imetoboka.

"Kwa sababu ya mamba?" aliuliza jaji.

"Kwa sababu ya uhalifu, Mheshimiwa. Namba iliwekwa na Bunge. Mpe namba yake."

Lucien alikaa kwenye kiti chenye mguu mfupi, katika sare ya rangi ya machungwa iliyo fupi mikononi. Kila alipopumua kiti kiliyumba. Alijaribu kutopumua.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye viatu vya kujionea sura, alisimama kwa dakika chache tu. Mkosaji ana makosa matatu, sheria iko wazi, mahakama haina nafasi ya huruma. Delphine akasimama, akaeleza Katiba, akaeleza desturi, akaeleza nusu kwenye barafu.

"Wakili," alisema Jaji Theriot, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vibaya. "Mtu anayeiba halafu anagawana kwa haki na mwenye mali, huyo ningemwita mtu wa pekee. Ningeweza kumtazama nje ya namba. Lakini nina kiapo kwamba hakuna nusu iliyofika. Una kingine zaidi ya maneno ya mfungwa?"

"Sina, Mheshimiwa," alisema Delphine.

"Bwana Tatum, umemaliza, unaweza kwenda kwako. Hukumu nitaisoma saa tisa alasiri."

Kwenye korido Tatum alimkuta Bi Vernice kwenye benchi, na Zelma amemshika mkono. Alivua kofia. Alikuwa mtu wa adabu anapomtukana mtu.

"Pole sana, Bi Vernice. Lakini tazama upande mzuri. Huyo akitoka utakuwa umeshapata meno ya bandia, na yeye atakuwa hana hata hayo. Mtakula uji pamoja."

Zelma aliinuka. Bi Vernice akamvuta sketi, akamkalisha. Alikuwa ametia leso mdomoni na ameiuma kwa nguvu hivi kwamba ua lililotariziwa kwenye pembe lilikatika. Alilitema kiganjani, akalitia mfukoni, akaenda kuwasha jiko.

*

Sufuria ya Bi Vernice inaweza kumwogesha mtoto wa darasa la tatu. Aliiweka chini ya mti wa mwaloni mbele ya mahakama, mahali pake pa siku zote, akakaanga unga kwa mafuta mpaka ukawa na rangi ya kahawia ya sakafu ya kanisa, akatia vitunguu, pilipili hoho, figili, nyanya, kitunguu saumu, kisha mamba. Upepo ulikuwa unatoka mtoni. Upepo, kisheria, si mtu, wala hauhitaji kibali.

Tatum alikuwa ameshafungua mlango wa pikapu. Daraja lilikuwa linaonekana kutoka pale alipokuwa. Mguu mmoja ulikuwa ndani. Kisha pua yake ikageuka, halafu kichwa, na mwisho mwili wote ukafuata kwa mpangilio.

Delphine alikuwa kwenye dirisha la juu na sandwichi ambayo hakuila. Aliona Tatum akija na kijiko tayari machoni.

"Ni mchuzi wa nini?" aliuliza Tatum.

Foleni nzima ilitazama viatu. Bi Vernice alikoroga. Zelma alitazama mawingu.

"Bubu leo? Mungu mkubwa. Nipe sahani."

Bi Vernice aliinua mwiko. Ilikuwa imejaa kifuani mwake hotuba ya miezi saba, yenye sura na aya, yenye mama yake Tatum na babu yake Tatum. Aliimeza yote. Alichosema kilikuwa hiki tu:

"Na wali?"

"Na wali mwingi."

Alilipa, akala amesimama. Akalipa ya pili, akala amekaa. Ifahamike kwamba kwa mujibu wa hukumu ya mahakama tukufu mamba yule alikuwa mali yake, kwa hiyo mtu yule alikuwa ananunua mali yake mwenyewe kwa bei ya Bi Vernice, na jasho lilikuwa linamdondokea kwenye tai ya bata kwa furaha.

Meza ya karibu Mzee Octave alikuwa anacheza karata na Wilfred Narcisse, askari wa mahakama, na wastaafu wengine wawili. Hakuna aliyemwalika Tatum. Octave hakumtazama hata kidogo. Aligawa karata tu, kwa ule mlio mkavu, trrr, ambao mtu wa kucheza karata akiusikia hata msibani shingo humgeuka.

"Nafasi ipo?" alisema Tatum, akakaa kabla ya jibu.

Alicheza. Alishinda, akaitisha sahani ya tatu. Alishindwa, akasema lazima arudishe heshima ya Mississippi. Aliwaambia wachezaji kwamba hana haraka, kwamba mkewe yuko kwa dada yake, kwamba hajawahi kuwa na Ijumaa tamu kama hii tangu mwaka uanze. Wilfred Narcisse aliyasikiliza yote kwa makini ya mtu anayesikiliza mahubiri. Katika mfuko wa koti lake, tangu asubuhi, kulikuwa na bahasha.

Delphine dirishani aliinua kidole, maana yake: bado kidogo.

Kivuli cha mwaloni kilipofika kwenye ngazi za mahakama, Tatum alijinyoosha, akapiga tumbo, akaenda kwenye pikapu. Zelma aliuma kucha. Lakini Tatum hakuwasha gari. Alirudi amekumbatia sanduku kubwa la barafu la buluu, lililokwaruzwa kifuniko mpaka plastiki ikawa nyeupe.

"Nijazie hili," alimwambia Bi Vernice. "Nikale Jumapili. Najua hunipendi, lakini fedha yangu unaipenda."

Hapa Tatum alifanya kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote aliyewahi kuosha vyombo kwenye matanga ya Esperance. Kwetu sufuria na masanduku huazimwa msibani na kurudi kwa wenyewe, na kila mwanamke anajua kwamba jina likiandikwa juu, watu wenye mikono mirefu hulikwaruza. Kwa hiyo kina mama wetu huandika chini pia, kwa msumari wa moto, mahali ambapo mwizi hatazami kwa sababu hajawahi kuinama kuosha kitu.

Bi Vernice alilipokea. Aliliinamisha kumwaga maji ya barafu ya zamani, akaligeuza. Akasoma alichokichoma mwenyewe mwaka wa mazishi ya dada yake: V. GUILLORY. RUDISHA WEWE.

 Waliokuwepo wanasema alifungua mdomo na Delphine dirishani akafumba macho. Ishirini, alikuwa anafikiri Bi Vernice, ishirini, na ulikuwa unapoza bia ndani ya sanduku langu.

Aliliweka sanduku juu ya meza ya karata, kitako juu, mbele ya Wilfred Narcisse.

"Na wali?" alimwuliza Tatum.

Wilfred alisoma. Alikuwa amesimama mlangoni siku Tatum alipoapa kwamba hakuona hata ukucha. Alisoma tena, akafuta vidole vyake kimoja kimoja, akatoa bahasha.

"Bwana Royce Tatum? Hii ni samansi, kesi ya boti. Umekabidhiwa hapa, Esperance, Louisiana. Sahani hiyo malizia tu, haina haraka. Na hili sanduku naomba niliazime. Mheshimiwa atapenda kuliona."

"Hili? Hili nililikuta!"

"Wapi?"

Tatum alitazama sanduku, akatazama bahasha, akatazama sahani.

"Langoni," alisema, kwa sababu tumbo likijaa sana damu haifiki kichwani.

Mzee Octave aliweka karata zake mezani. Neno lake la siku alikuwa hajalitumia.

"Nimeshinda," alisema.

*

Saa tisa sanduku la buluu lilikuwa juu ya meza ya jaji, limepinduliwa. Mwendesha mashtaka alisema sanduku halibadilishi sheria. Makosa matatu ni makosa matatu.

"Bunge limeniandikia namba," alisema Jaji Theriot, "na mimi naiheshimu namba. Nimewapa watu wengi namba hiyo katika chumba hiki, na wachache wao huja usiku kukaa miguuni pa kitanda changu. Lakini Katiba nayo imeniandikia. Imeniandikia nisimpe mtu adhabu iliyopita kiasi. Namba ikigombana na Katiba, namba ndiyo inayokaa chini." Alimgeukia Lucien. "Ulipeleka nusu?"

"Nilipeleka, Mheshimiwa. Niliongeza barafu njiani, kulikuwa na jua."

Jaji aliandika kitu kwa muda mrefu.

"Mtu anayesimama njiani kuongeza barafu kwenye mali anayodaiwa kuiba, huyo sheria ya wakosaji sugu haikumwazia. Miaka ishirini kwake ingekuwa maumivu bila faida. Nashuka chini ya kima cha lazima, na sababu zangu nitaziandika ili wakubwa wangu wazisome. Miaka miwili, ukitoa miezi uliyokwisha kukaa. Hatia yenyewe si yangu kuifuta hapa. Wakili wako akate rufaa."

Zelma alilia waziwazi, maana yeye hakuwa na vitunguu. Lucien alipumua, kiti kikayumba, akacheka.

Bi Vernice hakucheka. Alipanga hesabu kichwani. Bado ilikuwa zaidi ya mwaka, kwa mamba ambaye nusu yake ilikuwa yao. Alimwuliza mwendesha mashtaka, kwa sauti ya kawaida, Tatum atashtakiwa lini kwa kuapa uongo. Kijana alisema jambo hilo ataliangalia. Tunaamini bado anaangalia. Ni mtu wa macho makini.

"Basi ameniachia mimi," alisema Bi Vernice.

*

Kesi ya boti ilianza Juni, kwa jaji yule yule. Tatum alikuja na wakili wa Port Ellis mwenye suti ya kitani, na suti hiyo ilidai kwamba mahakama haina mamlaka juu ya mteja wake kwa kuwa alivutwa kwa hila.

"Hila gani?" aliuliza jaji.

"Harufu, Mheshimiwa."

Ukumbi ulikohoa.

"Bwana Tatum, mama huyu alikuita?"

"Hapana. Lakini alipika kwa makusudi!"

"Kuna anayepika kwa bahati mbaya? Alikwambia kwamba hapo uko salama? Alikuahidi kitu?"

"Hapana."

"Alikwambia nini hasa? Ukumbuke kiapo. Safari hii nakuomba kwa namna ya pekee."

Tatum alitazama chini. Kiti chenye mguu mfupi kiliyumba upande wa kushoto, kikayumba upande wa kulia, na watu wote wa Esperance walikitazama kama wanaotazama mechi.

"Alisema, 'Na wali?'"

"Mara ngapi?"

"Kila sahani."

Jaji Theriot aliamua kwamba mtu aliyemaliza ushahidi wake, akaambiwa aende kwake, akabaki mchana mzima kula na kucheza karata kwa hiari, ameukunja mwavuli wake mwenyewe, na kwamba harufu nzuri si udanganyifu bali, katika jambo hili, ilikuwa ukweli mtupu. Wakili wa suti ya kitani alishauriana na mteja wake, na kabla ya mwezi kwisha wakakubali: boti irudi, na injini ikiwa nzima, na Tatum mwenyewe ailete, kwa sababu Bi Vernice aligoma kutia sahihi bila hayo maneno matatu, Tatum mwenyewe ailete.

*

Aliileta Ijumaa mchana, kwenye trela. Bi Vernice ndiye aliyechagua siku na saa. Sufuria ilikuwa chini ya mwaloni na foleni ilifika barabarani, maana wengi wetu siku hiyo tulijikuta tuna njaa.

Tatum aliteremsha boti. Jina lilikuwa limerudishwa, *Zelma*, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika kwa hasira. Lucien alikuwa bado ndani. Zelma aliipiga boti picha ampelekee siku ya kutembelea wafungwa, akamwamuru Tatum asogee, anaharibu picha.

Alisogea. Upepo ulikuwa unatoka mtoni. Alisimama, akahangaika na kofia, na kisha, mbele ya watu wote, akaja kwenye mkia wa foleni.

Bi Vernice aliwahudumia mmoja mmoja. "Na wali? Na wali? Na wali, kipenzi?" Alimhudumia Wilfred Narcisse, Delphine, Mzee Octave, mtu wa posta. Akamfikia Tatum. Sufuriani kulikuwa kumebaki sahani moja. Aliikwangua yote, vipande vikubwa vya mamba, mchuzi mzito, akaipakua vizuri sana. Tatum alinyoosha mikono.

"Bwana Tatum," alisema Bi Vernice, na kwa kuwa sasa hakuna sheria iliyomfunga mdomo, tulijiandaa kusikia ile hotuba yote, mama na babu. Lakini alikuwa ameiweka muda mrefu mno, na ilikuwa imechemka ikabaki kidogo tu. "Mwanangu anakula maharage ya jela."

Akapita pembeni yake, akaiweka sahani chini, mbele ya mbwa.

Gavana aliamka. Alikula taratibu, mbele ya viatu vya Tatum, akilamba mdomo kila baada ya kipande. Kisha akageuka, akajilaza tena. Tulichungulia sahani.

Alikuwa ameacha nusu.